Kwa Yaya Niliyemwosha Peke Yangu

Yaya wangu Mauwa, dada yangu,

Nakuandikia mchana, nimekaa kwenye kibao cha mlango wa nyuma hapa Mikelenge, na kama ungekuwepo ungeniambia niache karatasi nikaoshe masufuria. Masufuria ni mawili tu siku hizi, Yaya. Moja la bugali, moja la sombe ya majani ya muhogo, na yote mawili ni ya mtu mmoja. Mume wangu ametangulia. Watoto wako Kinshasa, wananipigia simu sikukuu zikifika. Tangu nistaafu ualimu kuna siku jua linachomoza mpaka linazama sijafungua mdomo, ila kumfukuza mbuzi wa jirani.

Sikuletei habari njema. Nimefanya kosa. Neno lako la mwisho, lile ulilonishikia mkono nikakuapia, nimelivunja. Sijui kama huko uliko mtu huwa anakasirika. Hapa ulikuwa unakasirika vizuri sana, dada mkubwa hasa. Basi nisikilize kwanza, uninunie baadaye.

Unakumbuka tulivyokimbia mji? Risasi zilipoingia mtaa wa Kasuku tulivuka mto Lualaba na watu wa mtaa wetu, tukajenga vibanda vya majani porini, na mvua ikaamua kutukomesha. Sote tulikuwa tunatetemeka. Wewe unavua kitenge, unajipepea kwa kifuniko cha sufuria, jasho linakutoka mpaka kwenye kope. "Ninaungua, Sakina. Iko moto ndani ya mifupa." Tukasema ni malaria, ingekuwa nini tena? Tukakunywesha kinini, vidonge vya mwisho tulivyokuwa navyo, masikio yako yakavuma siku tatu. Ukawa unatujibu kwa kelele kama mtu anayeita mtumbwi kutoka ng'ambo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na wewe ukanirushia ganda la ndizi.

Kumbe siku zako zilikuwa zinakoma. Ulikuwa na miaka arobaini na sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba joto lile ni la umri tu, kwamba wanawake wengi wanalipitia. Nimelijua miaka mingi baadaye, liliponijia mimi, katika nyumba hii hii, bila mtu wa kunipepea. Unisamehe kinini kile.

Lakini lile la kijitoni halikuwa la umri. Tulikuwa tunaoga asubuhi, ukauchukua mkono wangu bila kusema kitu, ukauweka chini ya titi lako la kushoto. Nikagusa kitu kigumu, kidogo, kama karanga iliyo kwenye ganda lake. Hakikusogea.

"Iko nini?" nikakuuliza.

"Sijue. Ndo nakuuliza weye, mwalimu."

Ulijaribu kucheka. Mimi sikuweza.

Tuliporudi mjini karanga ilikuwa imekua. Tulikwenda zahanati, muuguzi akakugusa, akanawa mikono, akasema mwenye uwezo aende Lubumbashi. Tukatazamana sote watatu. Treni ilikuwa imesimama, reli imeota majani, na Lubumbashi ilikuwa upande wa pili wa vita. Na huko huko ndiko alikokuwa mwanao mmoja tu, Salima, ameolewa na kijana wa reli. Hakuweza kuja, wala wewe hukuweza kwenda.

Jioni ile uliniketisha chini. "Usiambie muntu. Salima ameolewa juzi tu. Wakwe wakisikia mama yake anaoza titi, watasema ugonjwa ule unatembea na damu. Watamurudisha mutoto wangu." Nikakuambia hayo ni mambo ya ujinga. Ukanikazia macho. "Na nikikufa, unioshe weye, Sakina. Wasiingie wale wengine."

Nikaapa. Ningefanya nini, Yaya? Ulikuwa huli tena.

Hata mtu wa kunimiminia maji ulimchagua mwenyewe, mjanja wewe: Bibi Tausi, ambaye macho yake hayakuona zaidi ya ukingo wa ndoo. Nilikuosha polepole. Yeye anamimina, mimi napitisha mkono, na kila nilipofika upande wa kushoto nilisema Bismillahi kwa sauti ili asinisikie ninavyolia. Mwoshaji hasemi alichokiona juu ya maiti; tulifundishwa hivyo tungali wasichana, wala sikuwahi kuona ugumu wake. Nilikufunga sanda, nikatoka nje, wanawake wakaniuliza umekufa na nini.

Nikajibu neno moja: vita.

Likatosha! Hakuna aliyeuliza la pili. Miaka ile kila maiti ilikuwa ya vita, aliyepigwa risasi, aliyeshindwa na njaa, hata mzee aliyefika mwisho wa umri wake kitandani. Nikakuchanganya nao. Salima nilimwandikia kwenye zile karatasi za watu wa misaada, zisizokuwa na bahasha, ambazo kila askari wa njiani alizisoma kwanza. "Mama ametutoka. Vita. Jikaze, mwanangu." Nilijiambia nikimwona uso kwa uso nitamweleza. Nilipokuja kumwona alikuwa na watoto wawili na mimba ya tatu, akanikumbatia akalia, nikaona si wakati wake. Baadaye pia haukuwa wakati wake. Unajua mambo hayo yanavyokwenda.

Mwanao ana miaka hamsini sasa, Yaya. Ana miwani na anakoroma, mume wake ndiye anayesema. Mwezi uliopita alinipigia simu na furaha yake yote.

"Mama mudogo! Nimelala! Wiki nzima nimelala!"

Akanihadithia joto lilivyomtesa miaka miwili, alivyogombana na mume juu ya shuka, alivyolazimika kukaa sokoni mtu akadhani ana homa kali. Nikawa nakuona wewe na kifuniko chako. Halafu akasema amepata daktari mzuri, amempa vidonge vya homoni, mwezi wa pili huu, na joto limekwisha kabisa. "Aliniuliza maswali mingi mbele ya kunipa. Damu kupanda, moyo, kama kuna kansa ya titi kwa mama ao kwa dada. Nikamuambia hapana, mama yangu alikufa vita."

Nikasema, "Eh, vizuri."

Hilo ndilo nililosema. Mwalimu mzima, miaka thelathini mbele ya ubao. Eh, vizuri.

Siku zilizofuata zilinishinda. Nilitafuta wa kumwuliza nikakuta hayupo. Bibi Tausi alikwisha kufa, muuguzi yule alikwenda zake na hakuna anayejua alikokwenda. Nilibaki mimi tu na jambo lako, napika nalo, nalala nalo. Nilifika mpaka uani kwa shehe, nikaamkia, nikaulizia afya ya mkewe, nikarudi nyumbani. Niliogopa angenikataza. Na kama angenikataza, ningefanya nini na Salima?

Ndipo nikapanda pikipiki, kiuno changu hiki, mpaka zahanati moja ya Kasuku ambako wanasema kuna daktari mwanamke. Katoto kabisa, Yaya, kangeweza kuwa mjukuu wangu, lakini kana subira. Nikamwambia nina rafiki yangu anayekunywa vidonge vya homoni kwa ajili ya joto. Ni sumu?

"Hapana, mama. Si sumu. Inasaidia kabisa, na wanawake wengi hawapate shida yoyote." Akavuta kiti karibu. Akanieleza kwamba iko ya namna mbalimbali, na ile ya homoni mbili pamoja, mtu akiitumia miaka, inaongeza kidogo hatari ya kansa ya titi. Kwa wengi ni hatari ndogo, na mwenye kuteseka sana anaweza kuikubali. "Lakini kama mama yake ao dada yake alikuwa na kansa ile, zaidi kama alikuwa angali na umri mudogo, lazima daktari ajue. Amupime matiti kwanza. Wapime pamoja faida na hatari, pengine wachague dawa ingine. Huyo rafiki yako, mama yake alikufa na nini?"

Na mimi, Yaya, nikajibu, "Vita."

Lilitoka lenyewe! Sikulituma. Daktari akatabasamu, akasema, "Basi pale hakuna shida." Nikashukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nje nikiwa nimeshika mkoba wangu kifuani. Nilijichukia. Miaka yote nilifikiri naitunza siri yako, kumbe imenizoea mpaka inajibu kabla yangu. Ulininyamazisha ili Salima asirudishwe. Wakwe wale wamekwisha kufa wote, na mume anayelalamikia kukoroma kwake naye hamrudishi popote. Aliyebaki hatarini ni Salima mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mtu wa ahadi.

Ijumaa, baada ya swala, nilimpigia. Nilisema kabla hajamaliza kuniamkia, maana ningengoja ningeuliza habari za watoto mpaka salio liishe. Nikasema mama yako hakufa vita. Nikamwambia titi, la kushoto. Nikamwambia karanga ya kijitoni na jinsi ilivyokua ikapasuka. Nikamwambia nilichokiona siku ya kukuosha, chote, kwa sababu alikitaka chote. Neno kwa neno nilikuvua mbele ya mwanao.

Nikasikia akifunga mlango upande wake.

"Mama mudogo," akasema, "kila Idi nawaapiza askari wale. Kila Idi! Kumbe walimuacha?"

"Hawakumgusa, mwanangu. Ila walifunga njia."

"Na weye ulijua."

"Nilijua."

"Na juzi nilikuambia dawa yangu, ukasema vizuri."

Akakata simu. Siku tisa hakupiga. Nilikuwa nikienda kuteka maji naacha simu dirishani, narudi mbio, naiangalia, hakuna. Nikajua sasa nimewakosa wote wawili, wewe kwa kusema na yeye kwa kuchelewa. Yaya, nilikulilia siku zile kuliko siku tuliyokuzika. Siku ile angalau nyumba ilikuwa na watu.

Siku ya kumi akapiga. Sauti imekauka. Alikuwa amerudi kwa daktari wake na kumwambia yote. Daktari amempima kwa mikono, amempiga picha ya matiti, hakuona kitu. Amesimamisha vidonge kwanza, watatazama dawa nyingine isiyo ya homoni, na kila mwaka atapigwa picha. "Joto limerudi," akasema. "Ninaungua, Mama mudogo. Nakukasirikia na ninaungua." Kidogo akacheka, nami nikathubutu kucheka.

Halafu akauliza, "Na weye? Umepimwa?"

"Mimi nani anipime?"

"Si alikuwa dada yako? Kama daktari anaogopa juu yangu, hawezi kuogopa juu yako?"

Unaamini, Yaya, sikuwahi kulifikiri? Nilikuwa nimelibeba kama mzigo wa watu wengine. Sijui lini mara ya mwisho mtu aliniuliza habari ya mwili wangu.

Basi leo asubuhi nimekwenda. Yule katoto akanitambua, akauliza rafiki yangu anaendeleaje. Nikamwambia hakuna rafiki. Nikavua blauzi, miaka sitini hii, nikatazama ukuta. Akapima kushoto, akapima kulia, akarudi tena kushoto. Akasema leo hajakuta kitu, ila nirudi, na akanifundisha kujipima mwenyewe.

Akachukua kalamu. Akauliza nani katika familia.

"Dada yangu," nikasema. "Titi la kushoto. Alikuwa na miaka arobaini na sita."

Akaandika. Nikamwomba aandike na jina lako. Akasema jina halihitajiki, mama, inatosha kuandika dada. Nikamwambia, andika. Akanitazama, akaandika, akanigeuzia karatasi nisome: Mauwa, dada, kansa ya titi. Ni karatasi ya kwanza duniani inayosema ulikufa na nini.

Nilitoka nayo barabarani nikitafuta wa kumwonyesha. Pikipiki zilipita, watu walipita, hakuna aliyekujua. Ndiyo maana nimerudi nyumbani nikakuandikia.

Pumzika, Yaya. Kama umenikasirikia, nitakuja mwenyewe unigombeze, lakini usiniite upesi. Mwanao ameahidi kupiga simu Jumapili.

Mdogo wako,
Sakina