Damu ya Nguruwe Dume

Mukuru kwa Reuben
12 Agosti 1996

Kaka Patrobas,

Kwa heshima na taadhima nakujulisha kwamba nguruwe wetu dume amemkataa mchumba. Jirani yetu Muhonja alimleta jike wake apandwe, na wiki nzima dume akamgeuzia mgongo.

“Mchinje, Kweyu,” Muhonja akaniambia mbele ya watu. “Hana uanaume, sawa na mwenye banda.”

Nimekataa. Dume huyu ndiye anayesomesha wanangu kwa ada ya kupandisha, na uvumi huu ukienea nani atamleta jike wake tena? Nilimwita daktari wa mifugo achukue damu, ipimwe homoni za kiume. Majibu yametoka: zimejaa tele. Nitazunguka nayo kila banda, nikianzia kwa Muhonja.

Wasalimie nyumbani.

Mdogo wako,
Kweyu

Jike wa Muhonja amezaa asubuhi hii. Alikuja kwetu na mimba.