Mafuta ya Korosho kwenye Jino la Bibi

Lulindi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tunaendelea vizuri, na mikorosho imeanza kutoa maua. Nimeandika barua kwa sababu simu ni moja na Bibi husikiliza; nampa dereva wa basi, ikufikie kesho.

Bibi hali chakula. Alikuwa anasema amechoka na ugali, kumbe jino linamuuma tangu Pasaka. Juzi alilipaka mafuta ya ganda la korosho ili life ganzi, yakamuunguza ufizi. Sasa anakunywa uji tu, na nguo zinampwaya.

Jana Jumapili alikuja mdogo wake, Bibi Mabel, kutoka Newala. Wamepishana mwaka mmoja, lakini yeye alisomeshwa hadi ualimu, na Bibi aliachishwa darasa la pili akalime. Bibi Mabel alikuwa anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Mimi nina bima, huwa nakwenda kukaguliwa meno kabla hayajauma," alisema. "Twende wote kwa daktari wa meno Alhamisi, dada, nitakulipia."

Bibi akacheka akiwa amefunika mdomo. "Nikawaoneshe mapengo watoto wa mjini?"

Mgeni alipoondoka, Bibi aliniita kwa utani wake. "Mke mwenzangu, wewe unayesoma, huyo daktari atanigombeza kwa yale mafuta?"

Nilijibu hapana, ingawa sijui.

Baba, naomba umpigie Jumatano, umwambie kwamba hatagombezwa. Mimi ni mtoto; wewe atakuamini. Nadhani anataka kwenda, maana leo asubuhi ameniomba nimfulie kitenge chake cha kanisani, na bado ni Jumatatu.

Mwanao anayekuombea,
Huruma