Mdomo wa Godoro

12 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamekuruhusu kupanda ngazi wiki hii, na babu, mume wetu, hajakufichia tena miwani. Mimi mzima, ila pua imejaa pamba.

Karakana ya magodoro ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya juu. Pamba inaelea humo kutwa, na jua likiingia unawaona watu kana kwamba wako ndani ya maziwa. Wanashindilia, wanashona, wanataniana. Baada ya chakula cha mchana hujilaza juu ya magodoro ambayo hayajafungwa. Wakiamka wananong'ona. Minong'ono hiyo ndiyo iliyonileta, maana tasnifu yangu inahusu namna watu wanaotengeneza usingizi wa wengine wanavyolala wenyewe. Lakini nikisogea na daftari, wanaanza habari za mvua.

"Itanyesha," anasema mshindiliaji, jamaa mmoja wanayemwita Kipara.

"Au isinyeshe," anajibu mshonaji mkuu. Huyu mama wanamwita Waziri, yaani Waziri wa Usingizi, kwa kuwa hakuna anayethubutu kulala kabla yake. "Andika hiyo, mwanangu. Usije ukaisahau."

Wanacheka mpaka pamba inaruka.

Msimamizi wangu amesema nisipompelekea sura moja ya maana mwezi Mei, nibadilishe mada nianze upya. Bibi, kazi hii ya uwandani umeifanya na kuifundisha maisha yako yote. Ungekuwa mimi ungefanyaje?

Mjukuu wako


20 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika lakini yanatii. Miwani ilikuwa kichwani pangu, na mume wetu amefurahi mno kuwatangazia majirani.

Nikuulize: wao wakilala, wewe uko wapi? Usinijibu, najua. Uko juu ya kigoda, umeshika kalamu. Hebu jifikirie wewe umelala mdomo wazi, na mgeni kakaa pembeni anaandika. Mtu aliye macho katikati ya waliolala ni mlinzi au ni mwizi, na hao wawili hawasimuliwi kitu.

Wanafunzi wangu walilipenda neno kushiriki, ila wengi walidhani maana yake ni kukaa karibu. Kushiriki ni kuacha kitu mlangoni. Nilipokaa na wafinyanzi niliacha usafi wangu. Nililowa udongo hadi nyusi, ndipo wakaanza kuniambia mambo. Wewe acha macho yako. Tia daftari mkobani, ujilaze. Utapoteza muda wa kuandika, na uupoteze.

La pili, ambalo sijawahi kuliacha: mtu akikusimulia jambo, rudi kwake umsomee ulichoandika, akusahihishe. Maneno ni yake, wewe umeazima.

Lala unono.

Bibi yako


9 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimelala!

Nilijilaza kando ya Waziri. Pamba ilinipokea taratibu. Milio ya mikasi ikawa mbali, kisha ikawa ndege. Nikaota uko darasani unawafundisha samaki, nao wanainua mapezi kuomba kuuliza. Kufumbua macho, wote wananitazama.

"Haya, toa," akasema Waziri.

"Nitoe nini?"

"Ulichokiona. Utatembea nacho barabarani ujikwae?"

Godoro kabla ya kufungwa, Bibi, huwa na mwanya ubavuni wanaouita mdomo. Aliyeota anainama, anasimulia humo ndani polepole, na walio karibu wakisikia ni sawa. Kisha Waziri anachukua shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, anaufunga mdomo. Godoro linakwenda kwa mnunuzi, naye hana habari. Nami nikawasimulia samaki wako. Kipara akasema angalau wao wanainua mkono kabla ya kuuliza. Yeye huota chakula tu. "Mahali fulani," anasema, "kuna mtu analala juu ya kuku wangu wote."

Niliomba ruhusa ya kunasa sauti, wakakubali, Waziri naye akakubali. Na leo Waziri ameota. Ameota dada yake, marehemu. Sijapata kusikia kitu kama hicho, na sura yangu ya Mei itasimama juu yake. Sikiliza:

[Ukurasa wa pili wa barua hii haupo.]

na hapo akashona, huku anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Kesho nitamsomea, kama ulivyonifunza.

Mjukuu wako


17 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, na hongera. Sisi wazima.

Niliusoma ukurasa wako wa pili mpaka chai ikapoa. Juzi mchana nilisinzia kwenye kiti nikaiota mwenyewe, ndoto ileile ya Waziri. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu nisiowajua, nikakuta viatu vyangu vimepangwa mlangoni. Nikipata nafasi nitakueleza kwa nini naona ni ya ajabu. Nina maelezo marefu.

Ulipomsomea alisemaje?

Bibi yako


11 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mwezi umekatika. Mume wetu anasema vijana hawaandiki barua wakiwa na furaha. Nimemwambia anyamaze, lakini na mimi naangalia mlango.

Bibi


19 Aprili

Shikamoo Bibi. Samahani kwa ukimya. Mwili mzima.

Nilimsomea. Tena mbele ya wenzake, kwa sauti niliyojizoeza. Nilipofika kwa yule dada, shazia ikasimama hewani.

"Umeifumua," Waziri akasema.

Kumbe ikishashonwa haitajwi tena, hata na mwenyewe. Hakuna aliyenieleza kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuitaja. Waziri anasema dada yake katoka, anazungukazunguka karakanani hana pa kukaa. Tangu siku ile halali. Anakaa wima mchana kutwa, na yeye asipolala hakuna anayelala. Wanashona kimya. Kipara amenipita mlangoni, akaniambia tu, "Si ungebaki na mvua, dada?"

Msimamizi anasema ridhaa ilitolewa, tena imenaswa, basi niendelee. Nikiiondoa ndoto, sina sura. Nikiiacha, kila atakayesoma atakuwa anamfumua tena yule mama.

Bibi, niliufuata ushauri wako neno kwa neno.

Mjukuu wako


27 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimekuelewa, na sentensi yako ya mwisho nimeipokea.

Kumsomea mtu maneno yake kulifaa kule nilikokuwa mimi. Kwa wafinyanzi, lisilorudiwa halikusemwa. Nikakupa ushauri huo kama mtu anayempa mwenzake viatu bila kumwangalia mguu.

Kuhusu ridhaa, msimamizi wako anaiona kama muhuri, ukishapigwa umepigwa. Mimi naiona kama mkono ulioushika: mwenyewe anaweza kuuondoa muda wowote, hata katikati ya njia. Lakini tasnifu ni yako, na mimi sitakuwepo chumbani wakikuuliza. Sitakuamulia.

Nilianza kukuandikia maelezo ya namna ya kulitengeneza jambo hili. Yalijaa kurasa, nikazichana. Sijui, mke mwenzangu. Kamuulize yeye anataka nini, halafu unyamaze mpaka amalize.

Humu ndani nimeurudisha ukurasa wako wa pili. Sikuunakili. Shida ni kwamba ninao kichwani, na humo sijui unatolewaje.

Bibi yako


22 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na nina usingizi mtamu.

Nilimuuliza. Akanitazama weee, halafu akacheka. "Kumbe kuuliza unajua!" Akataka kila kipande: kurasa za daftari, sauti niifute mbele yake, ukurasa uliokuwa kwako.

"Na huyo bibi yako, anayo kichwani?"

"Anayo. Hata ameiota."

Akafikiri. "Basi huyo hafutiki. Atashonewa godoro lake."

Akashindilia godoro kwa mikono yake mwenyewe. Kurasa zikaingia katikati ya pamba. Kisha akatutoa nje sote, hata Kipara, akaisimulia tena ndani ya mdomo, mara ya mwisho. Tuliporudi alikuwa amekwisha kufunga, amelala palepale chini, anakoroma kama trekta. Mmoja mmoja, wote wakajilaza. Nami nikajilaza.

Alipoamka nilimuuliza niandike nini. "Andika mdomo," akasema. "Andika sindano. Andika kwamba ulikosea, watu wacheke. Kilichomo ndani kiache." Nimeandika hivyo hivyo. Msimamizi anasema hii ni sura yenye tundu katikati, na ameipeleka kwa wenzake waamue. Huenda nikaanza upya. Tundu sikulijaza.

Godoro litafika kwa lori. Usilifumue, Bibi. Nakujua.

Mjukuu wako


2 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti leo yametulia.

Godoro limefika. Mume wetu aliwaelekeza wapagazi kana kwamba wamebeba mayai. Nimepitisha kidole kwenye mshono: umekaza, umenyooka. Ndiyo, nilitamani mkasi. Nimempa jirani anitunzie.

Wakikuambia uanze upya, utaanza. Kigoda utakiacha, na watu wa kulala nao unao.

Jana mchana nilijilaza juu yake, nikaota. Nilipoamka mume wetu alikuwa amekaa ukingoni, ananitazama.

"Ulikuwa unatabasamu," akasema. "Umeona nini?"

Nilifungua mdomo nianze kumweleza, kama ninavyoeleza kila kitu siku zote. Kisha nikasogea ukutani, nikampisha, naye akalala.

Bibi yako