Picha Niliyoibandika Kwenye CV ya Mercy

Jumatano. Hadi jana sikuwa nimemwambia mtu hili: wiki tatu zilizopita nilichukua picha ya Dada Mercy, mlinzi wa geti la shule yetu, nikaing'arisha ngozi yake kwa simu kabla ya kuibandika kwenye CV yake. Kidogo tu, nilijiambia. Hakuniomba. Hakujua.

Nje kuna unyevu wa kukera, miwani yangu inashika ukungu kila nikifungua mlango, na leo nimechukizwa na watu wote. Wa kwanza ni mimi.

Dada Mercy ni Mkenya wa Nakuru. Ana stashahada ya usafirishaji na ghala, na huu ni mwaka wake wa nne akikagua vitambulisho vya watoto wa watu. Mimi hula chakula cha mchana kwenye benchi karibu na kibanda chake kwa sababu bwalo lina kelele na sijui nikae na nani. Yeye hunitania: "Msomi wangu, leo ni kitabu gani tena? Utamaliza macho kabla ya kuolewa." Shuleni hakuna mtu ninayeongea naye zaidi yake. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ni kweli.

Alipoona tangazo la kazi ya kuratibu mizigo kwenye kampuni moja huko Freezone, eneo la biashara huru, aliniomba nimwandikie CV. Mwishoni tangazo lilisema picha na uraia visiwekwe. Mercy akashangaa: "Sasa hawa hawataki kuona sura?" Nikamwambia weka tu, huo ni mtego. Hapa CV bila picha inaenda chini ya rundo, kila mtu anajua. Na kwa kuwa niliona pia ni sura za namna gani huitwa kwenye usaili, nikaisugua ile picha, nikaituma CV bila kumwonyesha.

Halafu eti mimi ndiye ninayetaka kuwa kama Shangazi Rahma.

Shangazi, dada yake baba, anaishi nasi hapa Rashidiya, mtaa wetu katika nchi hii ya Waarabu. Kazi yake ni kuzishauri kampuni jinsi ya kuandika kanuni za ajira, ili mtu asinyimwe kazi wala kupangiwa mshahara kwa rangi yake au pasipoti yake. Alianza akiwa mpokea simu. Kila alipoomba kazi kwa simu sauti yake ilipendwa, akifika mwenyewe anaambiwa nafasi imejaa. Akasoma jioni, akaingia idara za ajira, akapanda polepole. Nilipokuwa mdogo nilidhani kazi hiyo ni kusimama na kuhutubia. Kumbe ni mikutano. Mtu mzima anakaa miezi akigombania sentensi moja, mwisho mkubwa mmoja anasema "inshallah" kwa ile sauti ambayo maana yake ni hapana.

Wiki iliyopita mwalimu wa ushauri alitupa fomu tuchague kazi tunazozitaka. Ya Shangazi haikuwemo. Nikachagua mfamasia ili nisiulizwe swali.

Jana alasiri Shangazi alirudi, akavua viatu mlangoni bila kumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Mama. Mimi nilikuwa pale nakunywa chai.

"Nimechoka miye, wifi yangu," alisema. "Muda wote huu nawaomba wajaribu nafasi moja tu, wasome CV bila sura. Wakakubali. Sasa imeingia moja ina picha, tena imesuguliwa mpaka mtu wa watu kawa kama ukuta wa chokaa. Mkuu wa ajira kaiinua mbele ya mkutano mzima. Akasema, mnaona, hawa wenyewe wanatudanganya, bora tuwaone toka mwanzo. Keshokutwa wanaamua kama kanuni inabaki au khalas, inafutwa."

"Na mwenyewe je?" Mama aliuliza.

"Kawekwa pembeni. Na sifa anazo, maskini. Mtoto wa Nakuru, na hereni zake nyekundu za shanga, kakaa vizuri."

Shangazi hataji majina, wala ya watu wala ya kampuni. Lakini hereni zile nazijua, ndizo alizovaa Mercy kwenye picha. Chai ilinipalia.

Kazi ya Mercy na kanuni ya Shangazi, zote mbili, nimeziharibu mimi.

Nimekasirika na yule mkuu wa ajira. Kwa nini kosa la CV moja linakuwa ushahidi dhidi yetu sote? Nimekasirika na tangazo lile, lililosema kweli baada ya matangazo mengine yote kutufundisha tusiyaamini. Nimekasirika na simu yangu, ambayo kitufe cha kung'arisha ngozi kiko mbele hata ya kile cha kukata picha.

Zaidi nimekasirika na kidole changu, kilichojua pa kubonyeza bila mimi kufikiri.

Jana hiyo hiyo, kabla ya magharibi, nilimfuata Shangazi chumbani nikamwambia yote. Nilitamani anigombeze.

"Yeye anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Basi umeanza kwa mtu siye." Akavua miwani, akafuta macho. "Na miye siwezi kumsemea, mwanangu. Nikimtetea mtu ninayemjua, watasema kanuni nimewatungia jamaa zangu. Iandikieni kampuni wenyewe. Lakini ukiandika, weka jina lako kamili."

Jina letu la ukoo ni moja. Wataliona.

"Acha waulize," alisema. "Nitawajibu."

Leo mchana nilikwenda kibandani kwa Mercy. Nilimpa simu. Aliitazama picha, akacheka. "Huyu ni nani? Kumbe mimi ni mzungu na hamkuniambia!" Nilipomweleza, kicheko kikaisha. Niliendelea kueleza, tangazo, mkutano, uamuzi wa kesho, maneno yananitoka hovyo, na yeye bado anaitazama.

"Mama yangu angekutana na huyu njiani angempita," alisema.

Nikasema samahani. Nikasema tena.

"Ungeniuliza tu, aki. Ningekukatalia, tungemaliza." Akanirudishia simu. Gari la Madam mkuu wa shule likafika, Mercy akasimama, akafungua geti, akapiga saluti, akarudi kukaa. "Na usilie hapa, watadhani nimekupiga."

Sikulia. Nilifungua kompyuta yangu kwenye benchi, nikaifuta picha, nikafuta na mstari wa uraia. Nikaandika barua fupi: kwamba picha ile niliiweka na kuibadilisha mimi, kwamba mwenye CV hakujua imebadilishwa, na kwamba naomba CV yake isomwe upya kama tangazo lilivyosema. Nikaandika majina yangu yote matatu. Mercy aliisoma mara mbili. Akaniambia niondoe neno "maskini", nikaliondoa. Tukaituma kwenye anwani ya tangazo, kutoka kwenye simu yake, kengele ikiwa inalia. Nilichelewa darasa la hisabati, na mwalimu alipouliza nilikuwa wapi, nilimwambia nilikuwa getini.