Chupa Niliyoisugua

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza kazi! Naosha vyombo vya kioo maabara, hapo hapo anapofanya kazi mume wangu. Yeye ndiye fundi wa tanuru. Kidosho yuko mgongoni, kalala kutwa, mtoto wa watu. Dokta, mwenye maabara, hasira zake ni moto — asubuhi kabamiza kipimajoto ukutani, vipande vikaruka mpaka miguuni kwangu. Nikauliza, kosa nini? Baba Kidosho akacheka: hakuna kosa, ndiyo salamu yake.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwuliza Baba Kidosho kwani humo wanapika nini. Kumbe wanatia gesi ya mafuta na iodini kwenye chupa ya mviringo, wanachoma. Iodini inaikaba ile gesi, inaing'oa hidrojeni moja. Kinachobaki ni kipande tu, radikali wanakiita, hakiishi hata kupepesa jicho — kinarukia chochote. Chenyewe hakipimiki. Basi wanapima nguvu ya kuking'oa, wapate kujua kimezaliwa na joto kiasi gani.
Nikasema, maskini, na hakina mama. Akasema, wewe mke wangu utauonea huruma hata moshi.

Jumatano, 6 Machi
Nimeikuta chupa yenyewe imefunguliwa, ndani nyeusi kama sufuria iliyounguzwa. Nimeisugua kwa asidi mpaka nikajiona uso! Dokta atafurahi.

Alhamisi, 7 Machi
Mungu wangu. Ule weusi ndio waliokuwa wanautaka! Wameichoma siku nyingi makusudi, kioo kivae huo weusi. Kioo kitupu kinavidaka vile vipande vya gesi, vipimo vyote vinakuwa uongo.
Dokta akanguruma: nani kaosha? Kabla sijafungua mdomo Baba Kidosho akasema, mimi. Dokta akang'oa nondo ya kushikia chupa, akamtwanga nayo kichwani. Damu mpaka darini. Nikapiga yowe, ni mimi, ni mimi! Akanigeukia — nondo juu, na mtoto ninaye mgongoni! Baba Kidosho akamrukia shingoni. Wakaangukia meza, vioo vyote chini, wanagaragazana humo humo. Walinzi ndio waliowaachanisha. Dokta mdomo umepasuka, bado anatutukania mama zetu.

Ijumaa, 8 Machi
Baba Kidosho kashonwa kichwa. Nilijua kazi hatuna tena. Kumbe Dokta katuma mtu: rudini, hakuna mwingine anayeijua ile tanuru. Samahani hakuna. Nikamwambia Baba Kidosho, labda ndiyo anaomba radhi hivyo. Akaendelea kula. Anatafuna upande mmoja.

Jumatatu, 18 Machi
Chupa imevaa weusi tena. Leo wanapima. Niko kwenye benchi la korido, nanyonyesha, naandika kwa mkono mmoja.
Baba Kidosho kaja na koti zito — joto lote hili, na tanuru humo ndani! Nilipomkumbatia nimegusa chuma ubavuni. Kirefu, kama ile nondo. Nikasema, Baba Kidosho, nipe hicho. Akambusu mtoto, akaingia, akafunga mlango kwa ndani.
Dokta anashangilia! Namba zimelingana! Zote zimelingana, fundi wangu, njoo hapa nikukumbatie! Nalia na kucheka. Labda itamtosha. Akimkumbatia tu, moyo wake utalainika, namjua mume wangu.
Nimeinuka, niko mlangoni.
Nagonga, hawafungui. Dokta anasema, weka hiyo chini. Anarudia, polepole. Anamwita kaka. Hajawahi kumwita kaka.