Mbwa wa Kwenye Mfuko

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya karakana ya mafundi vitanda,
14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameshaota meno? Sisi tunapumua, hatujambo. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi mpaka jua likolee, lakini presha imetulia. Mimi ni mzima, isipokuwa hasira, na hiyo utaiona huko mbele. Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kila nikikupigia simu unaikata na kunitumia ujumbe ule ule, "Niko kikaoni, dada." Barua haikatiki. Kaa chini uisome.

Paa la jiko limezibwa, halivuji tena. Mjomba Bucha amenunua msumeno wa umeme wa kukatia mifupa, na sasa mtaa mzima unajua saa anayofungua duka. Anakusalimu. Anasema pia ukija usipite dukani kwake, na sababu utaipata humu humu.

Sasa tuje kwa Bosi. Unamkumbuka Bosi mwenyewe, au unaikumbuka picha yake tu? Ulipokuja mara ya mwisho ulimpiga picha pale kizingitini, manyoya yanang'aa, kifua mbele, kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Haukupita muda, mifuko ya chakula cha mbwa ikaanza kuletwa kutoka kwenye kampuni yenu, na sura ya Bosi iko mbele, kubwa kuliko sinia. Mama aliutembeza mfuko ule nyumba kwa nyumba. Jirani yetu mshona mapazia alilazimika kuushika kwa mikono miwili na kusifu. Nilicheka sana siku ile. Leo sicheki, maana mbwa aliye kwenye picha alikuwa hajaonja hata punje moja ya chakula chenu. Alinawiri kwa mapafu, utumbo na mifupa ya Mjomba Bucha, na ukoko wa sufuria ya Mama.

Juu ya picha kuna maneno yako: "Kila anachohitaji, ndani ya mfuko mmoja. Mpe yule anayekungoja mlangoni." Najua ni yako, kwa sababu ulitupigia simu siku hiyo hiyo ujisifu. Simu hiyo hukuikata.

Mama akatii. Unajua anavyokuchukulia, ukisema jua limechomozea magharibi, yeye atahamisha kamba ya nguo. Kuanzia hapo mifupa ikarudishwa buchani na ukoko ukamwagwa. Mjomba alikuja kuuliza amekosa nini, Mama akamwonyesha mfuko.

"Kaka, mtoto kasema kila kitu kimo humu. Ukimchanganyia unamharibu."

Mjomba akaunusa. "Humu ng'ombe kapita kwa mbali," akasema, "tena alikuwa na haraka." Mama akamnunia mwezi mzima.

Bosi alikula. Alikula sana na akanya sana, niwie radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na huku mbavu zinajitokeza moja moja. Manyoya yakawa yanabaki kwenye mkeka. Mama akamwongezea chakula kwenye bakuli, na alipozidi kudhoofika akamwongezea tena, kile kile. Mwishowe mbwa akashindwa kupanda kizingiti ulichompigia picha. Nilimpakia kwenye toroli nikampeleka kwa daktari wa mifugo, na mfuko wako nikaubeba kwapani.

Daktari hata hakuitazama picha. Aliugeuza mfuko, akavaa miwani, akaanza kunisomesha. Nami nitakusomesha kama mtu asiyejua, ingawa unajua, na hapo ndipo ninapoumia.

Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kinatangulia. Kuku yuko wa kwanza, nikafurahi. "Huyo kapimwa mbichi, pamoja na maji yake," daktari akasema. "Akikaushwa anabaki kiganja." Nyuma ya kuku kuna unga wa mahindi, halafu pumba za mahindi, halafu chenga za mahindi. Ni mahindi yale yale, mmeyagawa mafungu ili kila fungu lionekane dogo kuliko kuku. Zile karoti mlizozichora mbele zikimeremeta zimeandikwa baada ya chumvi, maana yake hazikufikia hata chumvi iliyotiwa. Nikauliza kuhusu "ladha ya nyama ya ng'ombe". Akaniambia ladha ni ladha, kama wangekuwa na nyama wangeandika nyama. Na vile vipande vyekundu na vya kijani vilivyofinyangwa mfano wa mifupa, Bosi alikuwa anavimeza bila kuvitazama. Vilitengenezwa vimpendeze Mama, na vilimpendeza kweli.

Mmeandika pia kwamba chakula kimependekezwa na madaktari. Daktari akaguna. "Wangemtaja japo mmoja," alisema, "tukamwulize."

Kisha akakunjua pindo la chini, lile linaloshonwa, akaweka kidole kwenye mstari wenye herufi ndogo kama mayai ya chawa: "Chakula cha nyongeza. Kiliwe pamoja na vyakula vingine." Nilisoma, nikarudia kusoma. "Si sumu, dada," daktari akaniambia kwa upole. "Ila ni kama biskuti. Mmemlisha biskuti tupu muda wote huu, na mzee huyu alihitaji nyama."

Chakula cha nyongeza, Chiriku! Nyuma mlisema ukweli kwa sauti ya mbu, na mbele wewe ukapiga tarumbeta. Umesomeshwa kwa jasho la Mama ili ukajifunze kuficha mstari kwenye pindo la mfuko. Nikikutana na walimu wako nitawapa pole.

Tulirudia mifupa na mchuzi, Mjomba akawa analeta mwenyewe mpaka uani, lakini tumbo la Bosi lilikuwa limeshakataa. Amekufa Jumatano asubuhi, kichwa chake juu ya kandambili ya Mama. Mjomba ndiye aliyechimba shimo.

Sasa nikupe jambo usilolijua. Barua huandiki, simu hupokei. Kwa hiyo kila mfuko ulipofika Mama alikuwa ananiita nimsomee. Namsomea mbele, kwa sauti, maneno yale yale kila safari. Nikifika kwenye "yule anayekungoja mlangoni", ananishika mkono.

"Hapo kanisema mimi," anasema. "Kaona haya kuandika wazi, mwanangu."

Hii ndiyo sababu hakuruhusu hata mfupa mmoja uingie kwenye lile bakuli: mwanawe alikuwa amemwandikia. Sijamwambia kwamba maneno hayo yamechapwa kwenye kila mfuko, kwa kila nyumba yenye mbwa. Kuna ukatili ambao hata mimi siuwezi. Huo nimekuachia wewe, una kipaji.

Mfuko mpya ameuleta dereva wenu juzi. Bosi yuko pale mbele, amenenepa, manyoya yanang'aa. Mama hakuufungua. Ameusimamisha kizingitini, na jioni anauingiza ndani usipatwe na umande. Niliposema tuugawe kwa wenye mbwa aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

Aliponiona na kalamu alijua namwandikia nani. "Mwambie ni uzee," akasema. "Habari za chakula usimtajie, ataumia."

Basi, Mama anasema Bosi amekufa kwa uzee. Mengine yote ni yangu, na nimeyaandika kwa sababu ile ile aliyonikatazia.

Msalimie wifi na umbusu mtoto. Mjomba Bucha na mshona mapazia wanakusalimu. Mama naye anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri. Mungu akulinde, akupe afya na umri mrefu, na ukizeeka akujalie mtoto anayepokea simu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo, ingawa leo kwa taabu,

Dada Mkubwa