Dishi Lilipaswa Kutazama Juu

Jumapili jioni, Nsambya. Mvua imekatika, mabati bado yanadondosha maji, na mimi tangu mchana nachemka tu.

Nina hasira. Niliseme hilo kwanza, ndipo nieleze.

Kesho Mama yangu anapasuliwa katika hospitali ya Mulago. Tangu tulipokimbia Bukavu hajawahi kuniomba kitu kikubwa. Mwezi uliopita aliomba kimoja. Leo mdogo wake, mjomba wangu padre, alikuwa anaadhimisha yubile yake katika parokia yetu ya nyumbani, na televisheni ya kule ilitangaza kwamba itarusha Misa nzima. "Nione Misa ya mdogo wangu kwanza," Mama akasema, "njo niende kwa kisu."

Basi nikanunua dishi kubwa lenye mota, pamoja na risiva yake, kwa Mkongo mwenzangu aliyekuwa anahama. Dekoda tulikuwa nayo, ile ya kuonyesha mpira. Yenyewe inatumia setilaiti ambayo kwa hapa Kampala iko karibu utosini kabisa. Chaneli za kwetu ziko kwenye setilaiti nyingine, magharibi. Ukibonyeza rimoti, mota inalisukuma dishi kutoka hii hadi ile. Ndiyo raha yake.

Fundi alikuja Alhamisi. Tunamwita Salongo, kwa kuwa ni baba wa mapacha, na cheo hicho hakivui hata akiwa juu ya ngazi. Alikuja na kitabu cha maelekezo chenye mchoro wa nyumba iliyofunikwa theluji. Theluji! Katika mchoro ule dishi limeinama kuelekea kusini, na chuma linachozungukia kimekaa mshazari. Salongo akaupima mshazari uleule, akakaza nati.

Mimi nilifundisha jiografia miaka mingi kabla cherehani haijaanza kunilisha. Nilijua. Setilaiti hizi zote zimejipanga juu ya ikweta, na ikweta inapita hapa jirani, barabara ya Masaka, pale watu wanaposimama kupigwa picha. Kwetu njia yao inapita juu ya vichwa vyetu, mashariki hadi magharibi. Kile chuma kilitakiwa kilale, kichwa kaskazini na miguu kusini, na dishi likifika katikati litazame juu kama sinia. Wazungu wa kwenye kitabu wako mbali kaskazini, ndiyo maana lao linainama.

Nilimwambia Salongo hayo, kwa sauti ndogo.

"Nyabo, hii kazi iko na wenyewe," akajibu. Nyabo ni neno la heshima kwa mwanamke, lakini yeye alilitamka kama anafukuza kuku. "Dishi ikitazama juu, mvua najaa ndani. Wewe ngoja tu, picha italudi."

Nikampelekea chai.

Alilipinda dishi kwa nguvu hadi likainasa ile setilaiti ya utosini. Mpira ukaonekana, akajipigia makofi. Lakini kila alipobonyeza kwenda magharibi, dishi lilitoka njiani na skrini ikabaki tupu. Ijumaa akalaumu waya. Jumamosi asubuhi akalaumu risiva, mchana akawalaumu kaloli, wale ndege wakubwa wa majalalani, eti wametua juu ya dishi wakalisogeza. Jioni akailaumu Congo yenyewe.

"Kwenu hakuna kitu ya kuonyesha," akasema huku anafunga mfuko wa vyombo vyake. "Iko vita tu."

Mama alikuwa amekaa palepale mlangoni, rozari mkononi.

Nami nikamsindikiza hadi barabarani, nimembebea mfuko.

Leo asubuhi Salongo alikuwa kanisani kwake. Misa ya Bukavu ilianza saa tatu kwa saa zao, saa nne kwa zetu. Saa nne Mama alikaa mbele ya skrini tupu, amevaa kitenge chake cha sikukuu, mikono juu ya magoti. Saa tano alikuwa bado amekaa. Ndipo nilipochukua spana.

Mama Achan, jirani yangu, mke wa polisi, mtu wa Gulu, alikuja kunishikia lile dishi. Nililegeza nati, nikaweka pimamaji juu ya chuma hadi kikalala sawasawa, nikakielekeza kaskazini kwa dira yangu ya zamani ya kufundishia. Kazi haikuchukua hata muda wa saa mbili. Mota ikanguruma, dishi likaenda magharibi polepole, na Mama Achan, aliyekuwa anachungulia skrini dirishani, akapiga kigelegele.

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kama ulikuwa najua, ulikuwa nangoja nini?"

Nimeishi nchi ya watu nikijifunza kutosumbua: kwa mwenye nyumba, kwa wateja, kwenye madirisha ya ofisi za serikali kule Nakasero. Mkimbizi mwenye adabu hasahihishi watu. Hiyo nimeiita heshima miaka yote. Ni woga, na aliyeulipia leo ni Mama.

Picha ilipoingia, Misa ilikuwa imekwisha. Televisheni ya kwetu haina haraka, kamera ilikuwa bado imeachwa ndani ya kanisa. Watu wawili walikuwa wanapanga viti, na mwanamke mmoja anafagia maua. Mjomba hakuwepo.

Mama akasogeza kiti. "Ule mwenye kufagia ni Madeleine," akasema. "Alishazeeka, eh! Njo yeye kabisa." Akamtazama Madeleine akifagia hadi tangazo la sabuni likaanza. Kisha akanishukuru.

Alinishukuru! Nilitoka nje nikalia nyuma ya dishi.

Saa kumi, mvua ilipopungua, Salongo akapita. Akalikuta dishi nimelirudisha katikati, linatazama juu, limejaa maji. Akacheka. "Si nilisema mvua itajaa?"

"Maji yanatobolewa tundu, Salongo," nikamwambia. "Misa ya mjomba wangu hairudiwi." Nikamwambia pia kwamba alikosea tangu Alhamisi, na kwamba nilimweleza. Sikupunguza sauti. Aliangalia viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Mama amekwishapanga nguo zake kwenye mfuko. Saa moja asubuhi tuwe Mulago. Daktari atasema mambo upesi upesi, kisha atanisogezea karatasi nitie sahihi. Nisipoelewa, nitauliza. Akikunja uso, nitauliza tena.

Na akiniita nyabo kwa sauti ile, nitavuta kiti nikae, niulize mara ya tatu.